Kidonda Kilichochomwa Nairobi

12 Machi 1979, Gesima

Sista Nereah wa hospitali mjini Kisii amesema niandike. Alisema, "Mzee Omwenga, kila nikikuuliza habari unasema nzuri. Hata siku ile ulitapika damu ulisema nzuri. Andika nyumbani, ukirudi kwangu mwezi wa sita nisome." Yeye ni mtu wa ziwani, Kigusii hajui. Kwa hiyo naandika Kiswahili. Shule nilitoka darasa la nne. Atasoma hivyo hivyo.

Habari ni hii. Mwezi wa kwanza nilikuwa nachuma chai kwa Mzee Angwenyi, nikatapika damu juu ya majani. Nikapelekwa mjini, kutoka hapo Nairobi. Huko daktari alinimezesha mpira mrefu mweusi wenye taa mbele. Akachungulia tumbo langu kama mtu anachungulia ndani ya mtungi. Akaona kidonda kinatoa damu. Akapitisha waya ndani ya ule mpira, akakichoma. Damu ikakauka. Hawakunipasua. Watu wa hapa hawaamini. Wanataka niwaonyeshe mshono.

Sista alisema kuchoma ni nusu ya kazi, nusu ingine ni yangu. Kidonda kikitoa damu tena naweza kufa. Alisema hivyo tu, hakuzunguka.

Masharti yake. Vidonge vya kijani nimeze mpaka viishe, hata tumbo likinyamaza. Ile dawa nyeupe kama chokaa ninywe baada ya chakula. Sigara basi. Busaa, chang'aa, pombe yote basi. Aspirini mwiko, na zile poda za maumivu za kufungwa kwa karatasi mwiko, kwa sababu ndani ni aspirini tu, zinakwaruza kidonda mpaka kifunguke. Na niangalie choo changu. Kikiwa cheusi kinanata kama lami, nije mbio.

Mwisho alisema, "Na yule anayekupikia, mwambie yote haya."

Nikasema ndiyo, sista.

13 Machi

Anayenipikia ni Nyanchera, mke wa mwanangu Ongeri. Ongeri yuko Kericho kwa kazi. Mke wangu Mong'ina alikufa zamani. Tumebaki mimi na Nyanchera, kila mtu na nyumba yake, boma moja.

Sista, najua nyinyi pia mko na yenu, lakini sisi Wagusii ensoni yetu, ile haya ya mtu na mkwe wake, ni kali. Baba ya mume na mke wa mwana wanaheshimiana mpaka mwisho. Hatushikani mkono. Mimi siingii jikoni kwake. Yeye haingii ninapolala. Hawezi kuniuliza mwili wangu unauma wapi. Na mimi kutaja choo mbele yake ni sawa na kuvua suruali sokoni.

Nimempelekea dada yangu Zilpa maneno. Atasema yeye.

18 Machi

Zilpa alikuja kutoka Nyanchwa. Ni Msabato kabisa. Nilimwambia amwambie Nyanchera hakuna pilipili, hakuna pombe, chakula kidogo kidogo kwa wakati. Nilisikia akisema jikoni. Alisema pilipili hapana, pombe hapana. Halafu akaongeza yake, nguruwe hapana, samaki bila magamba hapana, na kanisani Jumamosi si Jumapili.

Nilimwuliza, "Hiyo ya samaki daktari alisema lini?"

"Daktari ni nani? Hiyo ilisemwa kabla daktari azaliwe."

Habari ya poda sikumpa. Poda nilikuwa nanunua mwenyewe na kuramba mwenyewe. Nikiacha, imeisha. Na habari ya choo sikumpa. Ni dada yangu.

20 Machi

Mvua imeanza vizuri. Nimerudi kazini.

22 Machi

Mgongo. Kule kwenye chai kila mtu anaramba poda asubuhi kabla ya kufunga kikapu. Karatasi moja, maji kidogo, unainama mpaka jioni bila kusikia. Nimefanya hivyo tangu Mzee Angwenyi apande chai yake. Sasa naona mgongo wangu ulivyo kweli.

Joash, tuliyetahiriwa pamoja, alinitolea karatasi yake. "Ramba, mogaka, mzee wangu. Unatembea kama kuku aliyegongwa na baiskeli."

Nikakataa.

"Basi inama mimi nikuwekee vikapu viwili, maana tayari umekuwa meza."

25 Machi

Bila sigara. Nimemtukana mbuzi.

28 Machi

Mvua.

2 Aprili

Leo niliinama kuchukua kikapu nikashindwa kusimama. Nilibaki hapo kwenye mstari, mikono kwa magoti. Nyanchera, naye huchuma hapo, alikuwa mstari wa pili. Aliona. Hakusema kitu, hawezi kusema.

Jioni alipokuwa anakamua, aliongea na ng'ombe kwa sauti. "Wewe ng'ombe, wazee wa boma hili wanaumia na hawasemi."

Mimi niko mlangoni kwangu. Nikamwambia kuku, "Kuku, hapa hakuna anayeumia."

Akamwambia ng'ombe, "Basi mtu anaanguka kwa furaha."

Ana mdomo, mke wa Ongeri.

6 Aprili

Uji wa leo ulikuwa mkali kidogo. Ndimu nyingi, na sukari nyingi juu yake. Nimemaliza.

9 Aprili

Mgongo umelegea. Nimejaza kikapu mpaka juu.

12 Aprili

Mgongo umepona. Nafikiri ni kuacha sigara. Joash amesema yeye pia ataacha, halafu akaniomba kiberiti.

15 Aprili, Pasaka

Joash alikuwa na busaa nyumbani kwake. Nilikaa nao na kikombe cha maziwa kama mtoto. Waliniimbia wimbo wa kubembeleza. Nikacheka nao. Sikuonja hata tone.

18 Aprili

Zilpa ameleta vidonge vya kuongeza damu, amenunua dukani mjini. Anasema macho yangu yamekuwa meupe. "Kunywa hivi. Choo kitakuwa cheusi, usishtuke, ni chuma ile. Mimi nilikunywa nikiwa na mimba ya kila mtoto."

Aliitaja mwenyewe habari ya choo. Sikujua niangalie wapi.

21 Aprili

Cheusi. Chuma.

23 Aprili

Cheusi. Mvua ya mawe imepiga chai yote ya upande wa juu. Majani yana matundu kama yameliwa na panzi.

26 Aprili

Cheusi, kinanata. Ni chuma tu. Nimechoka sana. Tumbo haliumi. Nimekunywa uji, nimelala mchana. Mimi silali mchana.

3 Mei, wodini, Kisii

Joash ameniletea kitabu hiki, na mkono umepata nguvu ya kuandika.

Tarehe thelathini tulikuwa kwenye chai baada ya mvua. Nilisikia masikio yanalia. Majani yakawa meupe, halafu yakawa hayapo. Nilikaa chini kwenye matope na kikapu mgongoni. Nyanchera alinitazama. Niliona anafungua mdomo, anafunga. Akatupa kikapu chake, majani yote yakamwagika, akakimbia kumwita Joash.

Joash alikuja. Yeye hana ensoni na mimi, tuliumwa na kisu kimoja siku moja. Akauliza mbele ya watu wote, "Umeenda choo leo?"

"Nimeenda."

"Rangi gani?"

"Nyeusi. Ni chuma ya Zilpa."

"Nyeusi namna gani?"

"Joash, watu wanasikia."

"Wasikie! Wakija kukuzika hawatasikia? Kinanata?"

Nikatazama matope. Boma liko karibu na chai, akaenda mwenyewe mpaka choo changu, akachungulia. Akarudi anashika pua. "Hii si chuma. Watoto wangu wote mama yao alikunywa hiyo chuma, naijua. Hii ni lami, mogaka. Serikali ikiona itatengeneza barabara ya hapa mpaka Ekerenyo."

Lori la chai lilikuwa limefika kituoni kuchukua majani. Dereva ni Eliakim. Joash na wanaume wengine walinibeba, wakataka kunilaza nyuma juu ya magunia. Karani wa chai akapiga kelele, "Mtaponda majani! Yatakuwa mekundu, kiwanda watakataa!"

Joash akamwambia, "Na huyu akiwa mweupe kabisa, nani atakubali?"

Eliakim alimtoa taniboi wake mbele, akaniweka mimi. Karani alitaka majani yaende kiwandani kwanza. Eliakim akawasha lori na majani yote nyuma, akanileta moja kwa moja mjini. Njiani aliniambia, "Mzee, ukitapika tapikia dirishani." Ni hayo tu alisema njia nzima.

Wodini nililala nikifikiri kitu kimoja. Kwamba ile kazi ya Nairobi imefunguka. Walichoma, na imeshindikana. Sasa kama moto umeshindwa, nini kingine?

4 Mei

Waliniwekea damu. Joash alitoa yake. Zilpa alipofika na kusikia ni damu ya Joash, alisema, "Yesu, hiyo ni busaa tupu." Joash akamwambia, "Kaka yako ataamka anaimba."

Sista Nereah amekuja na uso mkali. Alikaa kwenye kitanda.

"Umekunywa nini?"

"Sikunywa."

"Aspirini?"

"Hapana."

"Poda?"

"Tangu nitoke hapa sijaweka poda mdomoni."

"Mzee, nimefanya kazi hii siku nyingi. Kidonda kimetulia, dawa unameza, halafu kinatoka damu chenyewe bila sababu? Usinidanganye. Nikijua nitakusaidia. Nisipojua nitakuzika."

Nikaapa kwa jina la Mong'ina. Akanitazama. Nadhani hakuamini. Alikitwaa hiki kitabu akaanza kusoma, lakini akaitwa kwa mgonjwa mwingine.

5 Mei

Naandika yote kama yalivyokuwa.

Saa ya kutazama wagonjwa Nyanchera alikuja na Joash. Alisimama mlangoni, mbali na kitanda, macho chini, kama inavyotakiwa. Alikuwa na chupa ya chai imefungwa kwa leso. Alimpa Sista.

"Ni uji wa baba," akasema. "Ameupenda sana siku hizi."

Sista akafungua, akanusa. "Ndani kuna nini?"

"Wimbi. Ndimu. Sukari. Na dawa yake ya mgongo."

Sista aliweka chupa mezani polepole sana.

"Dawa gani ya mgongo?"

Nyanchera akafungua fundo la leso, akatoa karatasi. Ile ile. Niliijua nikiwa kitandani, hata maandishi yake. Poda ya kila asubuhi kule kwenye chai.

"Unaweka ngapi?"

"Moja. Siku ya kazi nyingi, mbili. Ndimu ni ya kuficha uchungu."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna. Nilimwona ameshindwa kusimama. Kila mtu anaramba, yeye peke yake harambi. Nikasema labda hana ya kununua na anaona haya kuniambia. Siwezi kumwuliza. Ni baba wa mume wangu. Nikaweka tu."

Joash akashika kichwa. "Mogaka! Kumbe ulikuwa unaramba kupitia jikoni!"

Sista alinigeukia. "Nilikwambia nini kuhusu anayekupikia?"

Niligeukia ukuta.

"Nilikwambia nini?"

"Nimwambie."

"Ukamwambia?"

"Nilituma dada yangu. Habari ya samaki alisema vizuri."

Sista alitaka kukasirika, akashindwa, akacheka na kitambaa mdomoni. Lakini Nyanchera alikuwa ameelewa. Alikaa chini sakafuni akalia. "Nimemuua baba wa Ongeri. Kwa mkono wangu. Kikombe kwa kikombe." Sista alimwinua, akamwambia hajaua mtu, na kama asingekimbia siku ile ningekuwa nimezikwa.

Mimi nilikuwa bado nimegeukia ukuta. Nitaandika nilichosikia, hata kama ni kibaya. Nilisikia furaha. Mke wa mwanangu analia na mimi nataka kucheka. Siku zote hizi nilifikiri moto wa Nairobi umeshindwa, na kidonda kinaamka kinapotaka chenyewe. Kumbe kilikuwa kinaamshwa. Kitu ambacho mtu anaweka, mtu anaweza kuacha kuweka. Sitakufa kwa kitu ambacho sikijui.

Nililala usingizi mzuri, mara ya kwanza tangu Pasaka.

6 Mei

Daktari amesema damu imesimama. Hakuna haja ya kupelekwa Nairobi tena. Dawa ya kijani inaendelea.

7 Mei

Nyanchera hajaja. Joash anasema amekaa nyumbani hataki kupika, hata chai yake mwenyewe. Anasema mikono yake ni mibaya.

9 Mei

Sista Nereah amefanya jambo. Alimtuma Joash amlete Nyanchera kwa nguvu. Halafu akavuta lile pazia la magurudumu linalowekwa mgonjwa akioshwa. Akaliweka katikati. Mimi huku, Nyanchera kule, kiti kila upande.

"Sasa hamuonani," akasema. "Ensoni yenu iko salama. Semeni."

Nikasema, "Sista, haiwezekani."

"Basi nimsainie Joash karatasi akachimbe kaburi?"

Joash akasema yeye hana jembe zuri, ni afadhali niseme.

Nilitazama lile pazia. Ni kitambaa cha kijani, kina doa moja. Nikaanza kuongea na doa.

"Nyanchera."

Sijawahi kumwita jina bila sababu ya ng'ombe au kuni.

"Nyanchera, haukuniua. Mgongo wangu ulipona kwa ajili yako. Nilifurahi na nikasifu kuacha sigara."

Nikasikia anapumua.

"Niliambiwa nikwambie maneno. Sikusema. Nasema sasa. Poda hapana. Aspirini hapana, hata nikilia, hata nikiomba mwenyewe, hata Joash akileta. Nikiumwa mgongo, Sista amenipa vidonge vingine visivyokwaruza. Nivimeze baada ya kula. Na..."

"Na?" akasema Sista.

"Na kuna kitu ingine."

"Kiseme."

"Choo changu," nikasema. "Kikiwa cheusi na kinanata. Na kinanuka vibaya. Ni damu. Hata kama nakunywa chuma, usikubali. Nikisema ni chuma, unikatalie."

Nilisema choo mbele ya mke wa mwanangu, na paa la wodi halikuanguka.

Sista akamwambia Nyanchera arudie. Kule nyuma ya pazia sauti ikaanza kidogo kidogo. Poda hapana. Aspirini hapana. Akafika mahali pale akakwama. Sista akangoja. Joash pia, ajabu, alinyamaza. Halafu Nyanchera akasema upesi kama mtu anayeruka mto, "Na choo cha baba kikiwa cheusi, nipige kelele."

"Upige kelele," nikasema.

"Nitapiga, baba."

"Na unipikie uji."

Alilia tena. Hii ilikuwa ya namna ingine.

14 Mei, Gesima

Nimerudi. Eliakim alinileta na lori. Karani wa chai aliniuliza kama nimepona. Nikamwambia majani yake niliyalinda.

17 Mei

Mzee Angwenyi amesikia. Aliniita chini ya kibanda cha chai. "Omwenga, nasikia wewe na mke wa mwanao mnaongea maneno ya chooni. Wazee hawafurahi."

"Wazee walinikuta nimetapika damu kwenye chai yako. Nani kati yao aliuliza rangi?"

Alicheka kwenye pua. Amenitoa kwenye kikapu. Sasa nakaa kituoni nachagua majani mabaya kabla ya kupimwa. Mgongo unashukuru.

22 Mei

Mvua.

25 Mei

Nyanchera amemfukuza Joash bomani na mwiko. Alikuwa amekuja na karatasi ya poda ndani ya kofia, kwa mgongo wake mwenyewe. Amesema karatasi hiyo haitavuka lango.

1 Juni

Kahawia.

6 Juni

Kahawia. Zilpa amekuja, amesema tumeacha mila. Nyanchera akamwambia, "Shangazi, wewe ulituachisha nguruwe, tulinyamaza."

13 Juni

Mvua imepungua. Asubuhi jua, majani yanametameta. Nimekula viazi vitamu na maziwa bila kuogopa.

20 Juni

Nimetoka mjini kwa Sista. Alisoma kitabu chote, mimi nimekaa. Alifunua jicho langu chini, akasema ndani ni jekundu kama la mtu mwenye afya. Damu walipima, imepanda vizuri. Choo walipima, hakina damu. Alisema kidonda kinapona. Vidonge vya kijani vimeisha na sihitaji vingine sasa, ila masharti hayaishi, ni ya maisha. Nikasema ndiyo, sista.

Akaniuliza, "Hiyo ndiyo yako ni ya kweli au ni kama ile ya kwanza?"

Nikamwambia amwulize Nyanchera.

24 Juni

Ongeri amekuja likizo kutoka Kericho. Jana hakuambiwa kitu, alikuwa amechoka.

Leo asubuhi tulikuwa tumekaa nje mimi na yeye, jua linachomoza. Nilikuwa nimetoka choo sasa hivi. Nyanchera alikuwa nyuma ya migomba anakata majani ya ng'ombe, haonekani. Akapaza sauti kama kila siku.

"Baba! Rangi?"

"Kahawia!"

"Kweli?"

"Kweli kabisa!"

"Haya, Mungu asifiwe!"

Ongeri alinitazama, akatazama migomba, akanitazama tena. "Rangi ya nini?"

Nikatazama mbali. Kule nyuma ya migomba Nyanchera alianza kucheka. Nikamsikia amekaa chini. Mimi pia nikashindwa. Nilicheka mpaka nikashika tumbo kwa mikono miwili, na tumbo halikuuma.